Kutoka mkimbizi hadi mkimbiaji: mpango wetu wa mwaka mzima

*Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya mkutano mkuu wa mwanzo wa mwaka, Butembo, wakiwepo pia wajumbe wa tawi la Beni. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, tukapunguza kidogo. Komiti ya gazeti.*

Prezida amenipa nusu saa. Nitajaribu kuiheshimu.

Nimeombwa nieleze mpango wa mwaka wa kikundi cha mbio na mazoezi ya nguvu. Najua wengine hapa wanasema moyoni: tuko na shida ya mbegu, tuko na watoto wanaofukuzwa shuleni kwa ajili ya malipo, huyu anatuletea mambo ya kukimbia. Hamukosei. Mwaka uliopita, nilipoleta wazo hili kule Beni, mzee mmoja aliinua mkono akaniambia: "Mwanangu, sisi tumekimbia miaka kumi. Sasa unakuja kutufundisha kukimbia?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Lakini jibu sikuwa nalo siku ile. Leo nitajaribu kumjibu, maana yuko hapa, ameketi pale nyuma.

Neno moja, maana mbili

Katika Kiswahili chetu neno ni moja. Kukimbia risasi ni kukimbia, na kukimbia uwanjani ni kukimbia. Mkimbizi na mkimbiaji wanatoka katika shina moja. Mimi mwenyewe mwaka 2014 nilikuwa nimetoka chuoni hapa Butembo wakati wazazi wangu walipofika kutoka Eringeti na mabegi mawili na kuku mmoja. Baba alikuwa mtu wa kupanga: alijua mwezi gani atauza kakao, mwezi gani ataezeka nyumba. Baada ya kufika hapa, kwa miaka mingi sikumsikia tena akitaja jambo la mwezi ujao. Alisema tu: "Tutaona kesho."

Wengi wenu munaijua hali hiyo. Kikazi ninatembelea familia zilizorudi, kuanzia Oicha na Mavivi hadi vijiji vya upande wa Lubero, na nimejifunza kwamba kuna kitu mtu anaporwa kabla ya mbuzi na mabati: ule uwezo wa kusema "mwezi wa sita nitafanya hivi." Tunawapa waliorudi mbegu, majembe, karatasi za shule. Vyote ni vizuri. Lakini mbegu inamtaka mtu anayeamini kwamba atakuwepo siku ya kuvuna.

Basi mzee wangu, jibu langu ni hili. Aliyekimbia vita hakujua anakwenda wapi wala atarudi saa ngapi. Hawa vijana wanajua. Wanatoka saa kumi na mbili, wanarudi saa kumi na mbili na dakika arobaini, na kesho kutwa watatoka tena. Kama kijana aliyerudi anaweza kujipangia mazoezi ya wiki 12 na kuyafuata, tumeona kwamba anaweza pia kujipangia shamba, na mkopo mdogo, na masomo. Sisemi kukimbia kunajaza tumbo. Nasema kunamfundisha mtu kuhesabu tena siku zinazokuja.

Asubuhi ya kwanza, Beni

Sasa nieleze makosa yetu, maana wafadhili wanapenda ripoti za ushindi, lakini muungano ni nyumba. Ndani ya nyumba tunaambiana ukweli.

Asubuhi ya kwanza kule Beni tulikuwa 23, wasichana 9 na wavulana 14. Tulianza kabla ya mwanga kutoka vizuri, tukapita mbio katika kartie moja ambamo familia nyingi ni za waliorudi. Hatukuimba, hatukusema kitu. Mnakumbuka kilichotokea? Mama mmoja alitoka jikoni, akatuona, akamshika mtoto mgongoni. Wa pili akaita watoto wake. Dakika mbili hazikuisha, kuna watu waliokuwa barabarani na magodoro. "Kuko nini? Banakimbia nini?" Sisi tulisimama, tukaomba msamaha nyumba kwa nyumba. Siku ile sikukimbia tena. Nilirudi nyumbani nikaketi.

Ni mimi niliyekosa. Nilikuwa na digrii na ratiba iliyochapishwa vizuri, nikasahau mji ninaokimbia ndani yake. Tangu utawala wa kijeshi uanze tarehe 6 Mei 2021, na hata kabla yake, mtu anayekimbia gizani katika miji yetu anamtisha jirani, na anaweza kumtisha askari pia. Ndiyo maana kanuni za kwanza za mpango wetu si za miguu. Ni hizi:

Hatukimbii kabla ya jua kutoka. Hapa kwetu, karibu kabisa na ikweta, mwanga unakuja karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo saa haibadiliki na kila mtu anaijua.

Njia ni ile ile, ndani ya mji, na shefu wa kartie anaijua kabla. Hatutoki kwenye barabara za nje, hata kama ni nzuri. Barabara ya Kasindi ni tamu kwa mbio, lakini hatuendi.

Tunavaa shati za rangi moja, na tunaimba. Anayesikia wimbo hatafuti godoro. Siku hizi watoto wa ile kartie wanatungoja kwenye kona na kutufuata mpaka kwenye bomba la maji.

Radio ikileta habari mbaya, au shefu akisema leo hapana, tunafanya mazoezi ya nguvu ndani ya ua wa kanisa. Hakuna anayejadili.

Ratiba iliyotoka mbali

Kosa la pili lilikuwa ratiba yenyewe. Niliitoa katika kitabu cha watu wa nchi nyingine. Ilikuwa na siku tano za mbio kwa wiki, na kila wiki ilikuwa na tarehe yake. Ilimhesabu mkimbiaji kuwa mtu anayekula mara tatu, anayelala saa nane, asiyebeba maji, asiyelima. Katika mwezi wa tatu vijana walianza kuumwa mbele ya mguu, kwenye ule mfupa wa muundi. Dada mmoja alianguka njiani. Tulipomwuliza, alikuwa hajala tangu jana yake mchana. Alikuwa na aibu ya kusema, kwa sababu ratiba haikuwa na mahali pa kusema.

Halafu katikati ya mwaka vijiji fulani vikahama tena, tukasimama wiki tano. Hali ilipotulia nikadhani watarudi. Hawakurudi. Nilikwenda kumwona mmoja wao, kijana wa motari, nikamwuliza kwa nini. Akanionyesha ile karatasi ukutani: "Dada, angalia. Tarehe zimepita. Sisi tumeshindwa." Kati ya 23 tulibaki 6.

Jibu lake liliniuma kuliko kitu kingine chote. Tulikuwa tumemletea mtu ambaye vita vilimnyang'anya kalenda, kalenda nyingine ya kumwambia kwamba amechelewa.

Nilipokuwa nawaza jambo hili nilikumbuka ugonjwa wa Ebola. Sote hapa tulijifunza hesabu kwa nguvu: siku 21 za kumfuata kila aliyegusana na mgonjwa, siku 42 bila mgonjwa mpya kabla ya kutangaza mwisho. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina. Mwezi wa nne mwaka 2020 siku 42 zilikuwa karibu kutimia, zimebaki siku mbili tatu tu. Munakumbuka? Tarehe 10 Aprili akapatikana mgonjwa mpya Beni. Hakuna aliyesema basi tumeshindwa, tuache. Watu walilia, halafu wakaanza tena kuhesabu kutoka mwanzo. Tarehe 25 Juni 2020 mwisho ukatangazwa. Sisi ni watu ambao tayari tunajua kufanya mpango unaovunjika na kuuanza upya. Nilikuwa nimesahau kuwauliza wenyewe.

Mwaka wetu mpya

Kwa hiyo mpango wa mwaka huu tumeuandika pamoja na wale 6, mwalimu mmoja wa mazoezi ya mwili, muuguzi wa kituo cha afya, na wamama wawili wa komiti. Hauna tarehe, isipokuwa siku za mashindano. Una wiki zenye namba, na unafuata shamba na shule, kwa sababu hivyo ndivyo mwaka wetu unavyokwenda.

*Kipande cha kwanza: msingi, wiki 12.* Tunaanza katika ukavu wa mwezi wa kwanza na wa pili, kabla ya kupanda kwa msimu B. Mbio siku tatu kwa wiki, si zaidi. Wiki ya kwanza ni kutembea dakika 3 na kukimbia dakika 2, mara sita. Hiyo ni nusu saa tu. Kila wiki kukimbia kunaongezeka kidogo na kutembea kunapungua, mpaka wiki ya 12 mtu akimbie dakika 40 bila kusimama. Mwendo ni wa kuongea: kama huwezi kumweleza mwenzako habari za jana huku unakimbia, unakwenda mbio mno. Vijana hawapendi kanuni hii. Kila mmoja anataka kumshinda mwenzake siku ya kwanza. Lakini mapafu yanazoea upesi kuliko mifupa na mishipa ya miguu. Wanaoumia ni wale ambao pumzi iliwaambia ndiyo wakati mfupa ulikuwa bado unasema hapana.

Ukishaanza kuhesabu kilometa, ongeza kama sehemu moja ya kumi tu kwa wiki. Ukikimbia kilometa 10 wiki hii, wiki ijayo 11. Na kila wiki ya nne tunapunguza mpaka kama theluthi mbili, hata kama mtu anajisikia vizuri. Mwili unajengwa wakati wa kupumzika. Shamba pia tunalilaza.

*Kipande cha pili: milima na matope, mwezi wa nne mpaka wa sita.* Mvua inanyesha, kuna kupalilia, na wanafunzi wanajitayarisha kwa mitihani. Hapa tunakwenda siku tatu au nne. Siku moja ni ya mlima. Wenzetu wa Butembo hawana haja ya kutafuta mlima. Toka nyumbani tu, iwe Vulamba au Bulengera, mlima unakungoja. Kupanda kwa nguvu dakika moja, kushuka kwa kutembea, mara nne, halafu mara sita, halafu mara nane. Wenzetu wa Beni wako mahali pa joto na pa tambarare zaidi. Wao watapanda ngazi au kilima kimoja kifupi na watakunywa maji zaidi. Siku moja ni ya mwendo mrefu, wa polepole, kutoka dakika 50 hadi saa moja na robo. Anayefanya mtihani wa taifa anapumzika kabisa wiki hizo, na hakuna atakayeitwa mvivu.

Tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru, tunafanya mashindano yetu wenyewe ya kilometa 5 katika kila mji. Kila mtu anaruhusiwa, hata anayetembea. Zawadi haitakuwa ya wa kwanza peke yake. Itakuwepo pia ya yule aliyehudhuria wiki nyingi zaidi.

*Kipande cha tatu: umbali, mwezi wa saba na wa nane.* Shule zimefungwa, mavuno ya msimu B yameingia, barabara zimekauka. Wale walio tayari wanapanda mpaka kilometa 16 au 18 siku ya mwendo mrefu, kwa kuzungukazunguka ndani ya mji. Inachosha akili kuzunguka hivyo, lakini ndiyo salama yetu.

Kwa nini umbali huo? Kwa sababu jirani zetu wa Uganda, kule Kasese, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi, tangu mwaka 2022 wana mbio za marathoni chini ya Rwenzori. Ni ule ule mlima wetu, tunaouona sisi kwa upande wa magharibi. Zinafanyika mwishoni mwa mwezi wa nane au mwanzoni mwa mwezi wa tisa, na zina kilometa 42, 21, 10 na 5. Wengi wetu tulivuka mpaka ule tukiwa na mizigo kichwani. Ningependa mwaka huu watu sita wauvuke wakiwa na namba kifuani, na jioni warudi nyumbani. Hatutapeleka mtu kwenye kilometa 42. Marathoni kamili inataka zaidi ya mwaka mmoja kwa mtu anayeanza kutoka sifuri. Wawili au watatu watakimbia 21, wengine 10.

*Kipande cha nne: kupumzika na kuanza tena, mwezi wa tisa mpaka wa kumi na mbili.* Wiki mbili hakuna mbio kabisa. Kisha kuna kupanda msimu A, shule zinafunguliwa, na kule Beni ni wakati wa kakao, ambapo sote tunajua hatari ya mashambani. Tunabaki na siku mbili kwa wiki ili tusipoteze kila kitu, na tunafunga mwaka kwa kilometa 10 kabla ya Noeli.

Nguvu: ndoo, bidoni na chukudu

Mazoezi ya nguvu ni siku mbili kwa wiki, dakika 20 hadi 25. Mara nyingi mtu anapoacha mbio ni kwa maumivu ya goti na muundi, na miguu yenye nguvu inapunguza maumivu hayo. Hatuhitaji sala ya mashine. Tunachuchumaa na kusimama mara 10. Tunapanda na kushuka ngazi kwa mguu mmoja. Tunasimama kwa ncha za vidole na kushuka taratibu mara 15. Tunajiinua kwa mikono, anayeshindwa chini anaanza kwa kusukuma ukuta. Tunalala kifudifudi juu ya viwiko, mwili wote umenyooka kama ubao, nusu dakika. Raundi mbili mwanzoni, tatu baadaye. Anayetaka uzito anashika bidoni. Bidoni ya lita 20 iliyojaa maji ni kilo 20, hata Ulaya haizidi hapo.

Lakini mama mmoja wa komiti alinisahihisha, na nataka wote musikie. Nilikuwa nimeandika mazoezi yale yale kwa kila mtu. Akaniambia: "Mimi nimebeba mihogo kwa kamba ya kichwa tangu niko na miaka kumi. Unataka nichuchumae na bidoni kwa nini?" Ana haki. Kijana anayekaa juu ya moto siku nzima, au mwanafunzi, anahitaji uzito. Kijana wa chukudu anayesukuma magunia kupanda mlima anahitaji siku ya kulala. Na mama anayebeba mzigo kila siku anahitaji mazoezi ya kunyoosha shingo na mgongo na kukaza tumbo, bila uzito wowote. Kwa hiyo mwaka huu swali la kwanza tunalomwuliza anayejiandikisha ni: "Kwa siku unabeba nini?" Ndipo tunamwandikia mazoezi yake.

Kuvunjika na kuunga

Hii ndiyo karatasi tutakayobandika ukutani, na nimeomba ichapwe kubwa kuliko ratiba yenyewe.

Ukikosa siku moja, usiilipe. Endelea na siku inayofuata.

Ukikosa wiki moja, kwa ugonjwa, msiba au shamba, rudia wiki ile uliyoishia.

Ukikosa wiki mbili au tatu, rudi nyuma wiki mbili au tatu.

Ukikosa mwezi au zaidi, anza na nusu ya ulichokuwa unafanya, na panda taratibu. Ukiwa ulihama, njoo kwanza tunywe uji, halafu tutatafuta namba ya wiki yako pamoja.

Aliyelala bila kula, leo anatembea na kuhesabu saa za wenzake. Aliye na homa hakimbii. Anakwenda kituo cha afya, kwa sababu malaria haifukuzwi kwa jasho.

Kila mmoja atapewa daftari. Eliud Kipchoge wa Kenya, yule aliyekimbia marathoni kwa saa 1:59:40 kule Vienna mwaka 2019, anaandika mazoezi yake katika madaftari tangu mwaka 2003. Kama yeye anaandika, sisi ni nani tusiandike? Tarehe, dakika, ulijisikia vipi, ulikula nini. Kijana mmoja wa wale 6 ameanza kuandika nyuma ya daftari hilo hesabu za kuku wake. Sikumwambia afanye hivyo.

Aliyerudi kufundisha

Mtaniuliza: je, mtu wa kwetu aliyekimbia vita amewahi kufika mbali kwa mbio? Ndiyo. Makorobondo Salukombo ni mtoto wa Kivu ya Kaskazini. Familia yake ilikimbilia Uganda, halafu ikapelekwa Marekani, katika mji wa Cleveland, na huko akawa mkimbiaji shuleni. Angeweza kubaki huko na maisha yake. Alirudi akaanzisha mradi wa kufundisha vijana mbio na kuwasaidia masomo kule Kirotshe, pembeni ya ziwa Kivu. Mwaka 2016 alivaa rangi za Kongo katika marathoni ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, na katika Olimpiki hiyo hiyo Beatrice Kamuchanga, msichana aliyetoka katika mazoezi ya mradi huo, alikimbia mita 5,000.

Siwaambii kwamba watoto wetu watakwenda Olimpiki. Wengi watakwenda shambani, na ni sawa. Ninachopenda katika habari yake ni kwamba aliyekimbia alirudi na kitu cha kuwapa wenzake. Muungano huu ulianzishwa kwa wazo hilo hilo.

Tunachoomba

Sasa Mama mtunza-sanduku ananiangalia, nifike kwenye feza.

Kwa mamemba: naomba sanduku la mshikamano lilipe uji wa mahindi na soya, mara mbili kwa wiki baada ya mazoezi, katika miji yote miwili. Hilo ndilo ombi kubwa. Bila uji, mbio ni kuwatesa watoto. Kama mkutano unaona uji huo uchukue nafasi ya mbegu, basi nasema wazi: chukueni mbegu, na sisi tutabaki na kutembea na mazoezi ya nguvu mpaka msimu mwingine. Sitaki mtu arudi nyumbani akisema wakimbiaji walikula mbegu zetu.

Kwa wafadhili: tunashukuru kwa shati. Tafadhali musitutumie kwanza viatu vya bei kubwa. Kijana mwenye viatu vipya katikati ya wenzake wenye ndara anavunja kikundi. Tusaidieni na sanduku la dawa za kwanza, madaftari, na safari ya watu sita ya Kasese pamoja na karatasi zao za mpaka. Na kwenye fomu ya ripoti, pale munapouliza ni wangapi walimaliza, naomba muongeze mstari mmoja: ni wangapi walisimama halafu wakarudi. Kwa watu wetu, huo ndio mstari unaoonyesha kazi.

Kwa wazazi: ruhusuni wasichana. Mwaka uliopita 9 walianza, wamebaki 2, na si kwa sababu ya miguu. Ni kwa sababu saa kumi na mbili asubuhi maji yanawangoja wao tu, kaka zao wamelala. Siwezi kuandika hilo katika ratiba. Hilo linaandikwa nyumbani kwenu.

Nimalizie na baba yangu. Bado yuko hapa Butembo, bado anasema "tutaona kesho." Lakini mwezi uliopita alikuta karatasi ya wiki 12 juu ya meza yangu, akavaa miwani, akaisoma yote. Akaniuliza: "Wiki ya kumi na mbili itaangukia lini?" Tukahesabu pamoja kwa vidole. Akasema: "Basi itakuwa baada ya kupanda." Halafu akatoka nje. Mimi nilibaki pale mezani, kwa sababu tangu 2014 sikuwa nimemsikia akitaja kupanda.

Mzee wangu pale nyuma, sijui kama nimekujibu. Njoo Jumamosi saa kumi na mbili. Utatembea tu.

*Baada ya mazungumzo, mkutano ulijadili karibu saa nzima. Ulikubali uji kwa miezi sita, bila kugusa feza ya mbegu. Mamemba waliokuwepo walichanga papo hapo kwa mwezi wa kwanza. Suala la safari ya Kasese limeachwa kwa kikao cha mwezi wa sita, baada ya mashindano ya kilometa 5. Mzee wa Beni aliomba aandikwe neno lake katika ripoti: "Nitakuja, lakini sitaimba." Wanaotaka kujiandikisha wamwone katibu wa tawi lao.*